Xfce, LXQt au IceWM kwa kompyuta yenye RAM ya GB 2: pima kabla ya kuchagua

Kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 2 bado inafanya kazi vizuri na Debian 12 (mfumo wa Linux), mradi eneokazi (desktop), yaani Xfce, LXQt au IceWM, lichaguliwe kwa kupimwa kwenye mashine hiyohiyo. Hapa nachukulia kuwa tayari una Xfce na LightDM, programu inayosimamia skrini ya kuingilia. Ongeza mengine mawili:

sudo apt install lxqt-core openbox icewm lxpolkit network-manager-gnome

Nimetaja lxqt-core makusudi, kwa sababu kifurushi kizima cha lxqt kinaweza kuvuta SDDM, programu nyingine ya kazi hiyohiyo ya LightDM, nawe ukaulizwa ni programu ipi isimamie skrini ya kuingilia. Baki na LightDM. Ukikosea, sudo dpkg-reconfigure lightdm hurudisha swali hilo. Openbox nayo usiiache: LXQt haina kisimamizi chake cha madirisha, na kikikosekana madirisha hufunguka bila upau wa juu, hayasogezeki wala hayafungiki kwa kipanya.

Kila eneokazi lipe mtumiaji wake, kwa mfano sudo adduser jaribulxqt. Maeneokazi haya huchangia baadhi ya mafaili ndani ya ~/.config (folda ya mipangilio ya mtumiaji), hivyo mandhari, fonti na programu chaguomsingi za moja huvuruga jingine, kisha unalaumu lisilo na kosa.

Kupima: washa upya, ingia, subiri dakika mbili, andika free -m. Soma safu ya available; ile ya free hudanganya, maana Linux hutumia RAM iliyo wazi kuhifadhi data ya diski na huiachia programu zikiihitaji. Kisha fungua kivinjari na kurasa zilezile tatu, upime tena. Hapo ndipo ukweli ulipo: ukurasa mmoja mzito unaweza kula RAM kuliko yote uliyookoa kwa kuhama Xfce kwenda LXQt. Kwa maoni yangu, kuhama kwa ajili ya tofauti hiyo peke yake hakuna maana.

IceWM ndiyo nyepesi kweli, lakini haina kila kitu. Kwenye skrini ya kuingilia chagua icewm-session, kwani ndiyo inayoendesha faili la ~/.icewm/startup. Ndani yake weka:

#!/bin/sh
nm-applet &
lxpolkit &

Ukisahau alama ya &, mstari unaofuata hausomwi mpaka programu ya kwanza ifungwe. Ukisahau chmod +x ~/.icewm/startup, faili zima linarukwa, na utakaa bila ikoni ya Wi-Fi. Bila lxpolkit, programu zinazohitaji nywila ya msimamizi hugoma.

Xfce ikisuasua kwenye kadi dhaifu ya michoro, zima vivuli na uwazi wa madirisha:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false

Kwa RAM ya GB 2 weka pia zram-tools. Katika /etc/default/zramswap andika ALGO=zstd na PERCENT=50, kisha sudo systemctl restart zramswap. Sehemu za kumbukumbu zisizotumika hubanwa ndani ya RAM badala ya kupelekwa kwenye diski, na kwenye diski ya kuzunguka nafuu yake huonekana mara moja.

Ulichokikataa kiondoe kwa apt purge, halafu apt autoremove. Soma orodha yote kabla ya kukubali. Ukiona xfce4 au lightdm humo na bado unavihitaji, jibu hapana.