Kwa nini 4,294,967,297 si namba tasa?

Mwaka 1640 mwanahisabati wa Ufaransa, Pierre de Fermat, alichunguza namba zinazopatikana kwa kuipandisha 2 kwenye vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kisha kuongeza 1. Alipata 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Akaamini kwamba zinazofuata nazo ni tasa. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, na imani hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 90, hadi mwaka 1732 Leonhard Euler alipoonyesha kwamba namba hiyo ni zao la 641 na 6,700,417.

Anayetaka kuihakiki kwa kujaribu namba tasa zote zilizo chini ya kipeuo chake cha pili, takribani 65,536, atakabiliwa na namba 6,542. Baadaye Euler alieleza njia iliyo fupi mno: kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kinapogawanywa kwa 64. Sharti hilo peke yake linaacha 193, 257, 449, 577, kisha 641, ambayo ndiyo jibu.

Uthibitisho unaonivutia zaidi hauhitaji hata kugawanya. Chukua 640⁴. Ukitoa 1, unapata (640² + 1) × 639 × 641, hivyo tofauti hiyo inagawanyika kwa 641. Sasa rudi kwenye 640⁴ na uongeze 2³². Kwa kuwa 640 ni 5 × 2⁷, jumla hiyo ni 2²⁸ × (5⁴ + 2⁴), na 625 + 16 ni 641 tena. Namba hizi mbili zote zinagawanyika kwa 641, kwa hiyo tofauti kati yao nayo inagawanyika, na tofauti hiyo ni 2³² + 1 yenyewe.

Kwa kuwa 6,700,417 nayo ni tasa, namba yetu ina vigawo vinne tu. Ukijumlisha vile vilivyo vidogo kuliko yenyewe unapata 6,701,059, kiasi kidogo mno kulinganishwa nayo, na kwa sababu hiyo huwekwa katika kundi la namba pungufu. Isitoshe, inaandikika kwa njia mbili kama jumla ya miraba miwili: 65,536² + 1² na 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuandikwa hivyo kwa njia zaidi ya moja, kwa hiyo huo nao ni ushahidi kamili, hata kabla ya kigawo chochote kujulikana.

Namba iliyofuata, 2⁶⁴ + 1, iligawanywa na Fortuné Landry mwaka 1880 kwa kigawo cha 274,177, na katika mfululizo huo hakuna namba tasa inayojulikana baada ya 65,537.