Ghala Halikuwa Meli: Hadithi za Mashamba ya Kale ya Uingereza

Ukitembelea shamba la kale mashariki mwa Uingereza, tuseme Essex au Norfolk, mwenyeji atakuingiza ghalani, atanyoosha kidole juu na kukwambia: boriti hizi zilitoka kwenye meli. Hadithi hiyo ni tamu, na hata vijiji vilivyo mbali kabisa na bahari vinayo.

Dhana: Boriti za ghala ni mbao za meli.
Ushahidi unaotolewa ni matundu matupu kwenye mti, yasiyoshika kitu. Kweli, mbao zilitumika tena, ila kwa kawaida zilitoka kwenye nyumba na maghala yaliyobomolewa. Maseremala walipenda mwaloni mbichi, kwa kuwa ukishakauka huwa mgumu kuchonga. Fremu waliiandaa chini kwanza, kila kiungo wakakitia alama kwa namba za Kirumi, ndipo wakaisimamisha. Mulika tochi kwa ubavu wa boriti, utaziona zile III na IV zilizokwaruzwa kwa patasi. Huko Jordans, Buckinghamshire, kuna ghala linalosemwa limejengwa kwa mbao za Mayflower, ile meli iliyokwenda Marekani mwaka 1620. Limesifika sana, lakini uthibitisho haujapatikana.

Dhana: Vijitundu virefu ukutani vilikuwa vya kupigia mishale.
Ni vya hewa tu. Ghala lilijazwa miganda ya ngano hadi juu, na mganda usiopata hewa huota ukungu. Milango mirefu inayotazamana pia ina kazi yake. Mkokoteni uliosheheni uliingia kwa mmoja, na sakafu iliyo kati ya milango hiyo ndipo watu walipopuria ngano kwa magongo majira yote ya baridi. Wakimaliza, waliacha milango wazi pande zote mbili ili upepo upite na kubeba makapi. Aliyewahi kupepeta mpunga hahitaji maelezo zaidi.

Dhana: Kila ghala kubwa lilikuwa la zaka ya kanisa.
La Harmondsworth, magharibi mwa London, lilijengwa mwaka 1426 na 1427 na lina urefu wa karibu mita 58. Lilikuwa mali ya chuo cha Winchester, na lilihifadhi mazao ya shamba la chuo chenyewe, si zaka.

Dhana: Mwaka uliochongwa ukutani ndio umri wa nyumba.
Mara nyingi huo ni mwaka wa kuvishwa matofali. Mkulima aliyepata fedha aliifunika nyumba yake ya fremu ya mbao kwa uso wa matofali ili aende na wakati. Panda darini, mbao za zamani zitakwambia ukweli. Huko Cressing Temple, Essex, fremu ya Ghala la Ngano ni ya karne ya 13, ilhali matofali yaliyojazwa kati ya nguzo ni ya karne kadhaa baadaye.

Dhana: Dirisha lililozibwa ni kukwepa kodi.
Kodi ya madirisha ilikuwepo kweli, 1696 hadi 1851, na wapo walioziba. Ila madirisha mengine yalikuwa ya bandia tangu mwanzo: nyuma yake kuna dohani, na mjenzi alitaka tu pande zote mbili zilingane. Kagua matofali ya kuzibia. Yakiwa na rangi na kipimo tofauti na ya ukutani, liliwahi kuwa dirisha.

Dhana: Saruji ni imara, basi ndiyo dawa ya ukuta wa zamani.
Hili ndilo linaloniuma, maana linabomoa kila siku. Tofali la kale ni laini, hunywa maji ya mvua, kisha huyatoa kupitia chokaa iliyo kwenye viungo. Ukiziba viungo kwa saruji, maji yanabaki ndani ya tofali. Baridi ikiyagandisha yanatanuka, na uso wa tofali unabanduka vipande vipande. Baada ya miaka utaona saruji imesimama kama wavu, na matofali yameliwa ndani yake. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua ugonjwa huu kwenye kuta za mawe ya matumbawe, ingawa kwao hakuna barafu.

Fundi mzuri huikwangua saruji kwa mkono, kidogo kidogo, hujaza chokaa, kisha hutundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta ili isikauke upesi.