Je, wajua kwa nini peremende haiidanganyi Alcoblow, kifaa cha polisi wa Kenya cha kupima ulevi kwa pumzi, ilhali dawa ya kusukutua mdomo huweza kuidanganya?

Kwa miaka mingi niliamini, kama wanavyoamini madereva wengi wa barabara ya Nakuru kuelekea Salgaa, kwamba kipimo cha ulevi hunusa mdomo. Imani hiyo ndiyo inayomfanya dereva atafune peremende au kitunguu kibichi anapoona tochi za askari wa trafiki, na ndiyo inayotufanya tumpuuze mshtakiwa anayemweleza hakimu kwamba hakunywa bali alisukutua tu. Nilikosea kotekote: peremende haisaidii chochote, na utetezi wa kusukutua una msingi wa kisayansi, ingawa uhai wake ni mfupi mno.

Peremende huishinda pua ya askari, kwa kuwa pua hutekwa na harufu iliyo kali zaidi. Kifaa hakina pua. Ndani yake mna vipande vya platini, na alkoholi inapovigusa hugeuka kuwa asidi ileile iliyomo katika siki, huku ikiachia elektroni. Mkondo wa umeme unaotokea ndio unaosomwa kama namba. Peremende ya mnanaa haizuii mkondo huo hata kidogo.

Namba hiyo inakusudiwa kueleza kilichomo katika damu. Fikiria sufuria ya chai ya tangawizi iliyofunikwa jikoni. Kadiri tangawizi ilivyo nyingi, ndivyo mvuke uliojaa chini ya kifuniko unavyokuwa mkali, hivi kwamba mpishi anaweza kuijua chai yake bila kuionja. Damu ndiyo chai, na vifuko vya hewa ndani ya mapafu ndivyo nafasi iliyo chini ya kifuniko. Kwa makadirio yanayotumika sana, mililita 2,100 za pumzi ya ndani hubeba alkoholi sawa na mililita 1 ya damu. Ndiyo sababu askari, akishararua plastiki ya mrija mpya na kukuelekezea, husisitiza uendelee kupuliza: pumzi ya kwanza ni ya mdomoni, ya mwisho ndiyo iliyokaa karibu na damu.

Sasa chukua sufuria ya maziwa matupu, kisha upake tangawizi iliyopondwa ndani ya kifuniko. Atakayefunua ataapa kwamba maziwa yametiwa tangawizi. Mdomo ndio kifuniko hicho. Baadhi ya dawa za kusukutua zina alkoholi inayozidi asilimia 20, na mtu akipuliza mara tu baada ya kutema, namba inaweza kuruka juu sana ya kiwango cha kisheria ingawa damu yake haina hata tone. Baada ya dakika 15 hivi, mate na pumzi huwa vimekisafisha kifuniko, na ndiyo maana wapimaji makini humwangalia mtu kwa muda huo kabla hajapuliza, asile, asinywe wala asicheue.

Utetezi wa kiungulia, kwamba pombe ilipanda kutoka tumboni, una mantiki hiyohiyo, lakini majaribio machache yaliyofanywa hayajaonyesha athari kubwa, kwa hiyo singeutegemea.

Kwa upande wa sheria, kanuni za Kenya za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha miligramu 0.35 kwa lita ya pumzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizikosoa, kwa kuwa Sheria ya Trafiki yenyewe huzungumzia dereva aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, jambo ambalo namba pekee haithibitishi.

Hata hivyo, kwa aliyesukutua kweli, ushahidi ulio bora ni kupuliza mara ya pili na saa ziandikwe. Tuseme saa nne na dakika tano usiku kifaa kilionyesha miligramu 0.60 kwa lita ya pumzi. Ini huondoa pombe polepole, takriban miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa, kwa hiyo mlevi wa kweli akirudia dakika ishirini baadaye atasoma karibu 0.58. Aliyesukutua atasoma sufuri.