Figo ya kiatu cha farasi: kinachopasuliwa na kinachoachwa

Wengi hulisikia jina hili kwa mara ya kwanza wakiwa wamelala kwenye kitanda cha altrasaundi. Mtu amekwenda kupima jambo jingine kabisa, anaambiwa figo zake mbili zimeungana chini. Mwanza hakuna farasi wa kulifanya jina lieleweke, kwa hiyo fikiria herufi U: ncha za chini za figo zimeshikana kwa daraja la nyama linalopita mbele ya uti wa mgongo. Hutokea kwa mtu mmoja kati ya 400 hadi 500 hivi, wanaume zaidi ya wanawake. Wengi wao hawatapasuliwa kamwe, kwa sababu umbo lenyewe si ugonjwa. Kinachotibiwa ni madhara yake.

Madhara hayo huanzia tumboni mwa mama. Figo za mtoto huundwa chini, kwenye nyonga, kisha hupanda na kugeuka. Zikishaungana, daraja lile hunaswa chini ya ateri inayolisha sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na safari inaishia hapo. Figo hubaki chini, haijageuka, na beseni lake la mkojo, yaani sehemu inayokusanya mkojo kabla haujashuka, limetazama mbele. Mrija wa kwenda kwenye kibofu hutokea juu kuliko kawaida, tena unalazimika kulivuka daraja. Mkojo usiposhuka vizuri, figo huvimba, maambukizi hujirudia na mawe hujengeka.

Huku kwetu kuna mtego. Kwenye vijiji vya ndani vya Usukuma vyenye mabwawa na majaruba ya mpunga, mkojo wa damu ni kichocho mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mgonjwa hupewa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na ni sawa. Kosa ni kuirudia mara ya tatu au ya nne bila kupiga altrasaundi. Mahali palipoziba husaidia kutofautisha: kichocho cha mkojo kwa kawaida huubana mrija chini, karibu na kibofu, figo ya kiatu cha farasi huziba juu, mrija unapotoka kwenye beseni.

Upasuaji wa kuzibua hapo juu ni wa kukata na kushona upya. Kipande chembamba huondolewa, mdomo wa mrija hupasuliwa kwa urefu ili uwe mpana, kisha hushonwa kwenye sehemu ya chini kabisa ya beseni kwa uzi unaoyeyuka. Ukishonwa juu, mkojo utatuama vilevile. Ndani huachwa stenti, mrija laini wa plastiki unaotoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, kwa wiki 4 hadi 6. Mshipa wa damu ukikutwa umepita mbele ya mrija haukatwi hovyo, maana sehemu ya figo inayolishwa nao itakufa; mrija ndio unaohamishiwa mbele ya mshipa.

Na daraja? Zamani lilikatwa ili "kuzifungua" figo. Siku hizi huachwa, na ni uamuzi wa busara. Mara nyingi ni nyama hai ya figo yenye mishipa yake, mingine ikitoka kwenye ateri kuu au ateri za nyonga, mahali ambapo mpasuaji asiyejiandaa hakuitarajia. Likikatwa huvuja damu na mkojo, na hata hivyo figo hazihami, kwa kuwa mishipa yake imezishikilia palepale. Hukatwa pale upande mmoja unapoondolewa, mathalani kwa sababu ya uvimbe wa saratani, au kipimo cha utendaji kikionyesha upande huo unachangia chini ya asilimia 10 hadi 15. Ndiyo maana kipimo cha CT chenye dawa ya kuonyesha mishipa hutangulia kisu.

Jiwe linalozidi sentimita 2 kwa kawaida hutolewa kupitia tundu la mgongoni, mgonjwa akiwa amelala kifudifudi. Tundu hupitishiwa ncha ya juu ya figo, iliyo karibu zaidi na mgongo, na kifaa kirefu huhitajika kwa kuwa figo imekaa ndani. CT huangaliwa tena hapa: utumbo mpana unaweza kuwa umejificha nyuma ya figo. Kulipasua jiwe kwa mawimbi kutoka nje huwezekana, ila vipande hukosa njia nzuri ya kushuka. Ukitoa jiwe ukaacha kizuizi, litarudi.

Kosa linaloumiza zaidi hutokea baada ya kuruhusiwa. Mgonjwa amerudi Ukerewe, maumivu yameisha, nauli ya boti imekuwa ngumu, stenti inasahaulika. Ikikaa miezi mingi huota mawe, na kuitoa huwa upasuaji mwingine. Tarehe ya kuitoa iandikwe kwenye kadi, na ndugu mmoja aijue. Damu kidogo na haja ya mkojo ya mara kwa mara ni kawaida stenti ikiwa ndani. Homa yenye kutetemeka si kawaida, arudi siku hiyohiyo.

Aliyeambiwa ana figo hii, hata kama haimsumbui, amwambie kila daktari atakayempasua tumbo. Aseme pia akianguka na bodaboda: daraja halina mbavu za kulikinga, na usukani ukimgonga tumboni hulibana kwenye uti wa mgongo.