Je, wajua kwa nini ndege ya Japani yenye mapangaboi manne ina injini tano?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba injini ya tano ya US-2, ndege ya uokoaji ya jeshi la majini la Japani, ni ya akiba: moja ikizimika, ile inashika zamu. Nimewasikia na wengine wakisema inaongeza msukumo ili ndege ipae upesi. Yote mawili si kweli. Injini hiyo haikuunganishwa na pangaboi lolote, kwa hiyo hata injini kubwa zikifa zote nne, yenyewe haiwezi kuisogeza ndege. Imefichwa ndani ya kiwiliwili, na kazi yake ni kupuliza hewa.

Ndege hii huundwa na ShinMaywa, kampuni iliyotokana na Kawanishi, waundaji wa ndege za majini za enzi ya vita. Iliruka mara ya kwanza mwaka 2003. Hutua baharini penyewe, na ili isivunjike lazima itue polepole sana, kiasi cha kilomita 100 kwa saa. Mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu ya kishindo hubaki robo.

Tatizo ni kwamba bawa la ndege inayokwenda polepole huishiwa nguvu ya kubeba. Dawa yake ni kuziinamisha sana flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa. Hapo ndipo hewa hugoma.

Tazama mto: katikati maji yanakimbia, ukingoni yanajikokota kwa sababu ardhi inayashika. Hewa iliyogusana na bawa nayo huchoka hivyo hivyo. Ikifika kwenye flapu iliyoinama, inakuta kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, ikizidi kupanda mbele yake, sawa na mvuta mkokoteni aliyefika kwenye mlima akiwa hana mwendo. Anakwama, mkokoteni unaanza kurudi nyuma. Hewa pia husimama, hurudi, kisha hubanduka, na bawa huacha kubeba.

Injini ya tano huzungusha kompresa, mashine ya kushindilia hewa, na hewa yake huchomoka kwa kasi kwenye upenyo mwembamba na kutambaa juu ya flapu. Ni vijana waliokuja kuusukuma mkokoteni kwa nyuma: hewa iliyochoka inapata mwendo, inaumaliza mlima bila kubanduka. Mkia nao hupulizwa, maana kwa mwendo mdogo namna hiyo usukani ungekuwa hausikii. Na kwa kuwa pumzi hii ina injini yake, haipungui rubani anapopunguza moto wa zile nne ili atue. Huo ni ufundi unaonifurahisha kila ninapoufikiria.

Mtengenezaji anasema ndege inahimili mawimbi ya mita 3. Hata hivyo, wimbi halipimwi kwa kimo peke yake; urefu wake toka kilele hadi kilele na mwelekeo wake vina uzito pia. Aprili 2015 US-2 moja iliharibika na kuzama ikiwa mazoezini karibu na rasi ya Ashizuri, ingawa wote waliokuwemo waliokoka.

Juni 2013 wanaume wawili, mmoja wao kipofu, walikuwa juu ya boya la kujiokolea katika Pasifiki, takriban kilomita 1,200 kutoka pwani, jahazi lao limezama. US-2 ya kwanza ilifika, ikashindwa kutua kwa ukali wa mawimbi. Ya pili ilitua, ikawachukua.