Charley Lau: mpigaji wa .255 aliyewatengeneza wapigaji wa .300

Katika kumbukumbu za Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, Charley Lau yumo kwenye kundi la wadakaji wa kawaida kabisa, yaani wachezaji wanaokaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji. Kati ya 1956 na 1967 alichezea Detroit, Milwaukee, Baltimore, Kansas City na Atlanta, akapata mapigo safi (yanayomfikisha mpigaji kituoni) 298 katika zamu 1,170. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, unapata .255, ndio wastani wake wa kupiga. Mpigaji wa kuogopwa hufika .300. Lakini kuanzia 1969 hadi 1983 klabu tano zilimkabidhi wapigaji wao, na wengi wa wapigaji hao walimzidi kipaji kwa mbali.

Mashabiki wengi humkumbuka kama kocha wa "kuachia mkono wa juu", yaani kuondoa mkono mmoja kwenye gongo mwishoni mwa pigo. Kwangu mimi hilo ndilo dogo kuliko yote aliyofundisha, na ndilo lililowaharibu wengi walioiga juujuu. Somo lake halisi lilikuwa uzito wa mwili: uko wapi, unahama lini, na kichwa kinafanya nini wakati unahama.

Chanzo ni msimu wa 1962 akiwa Baltimore. Baada ya misimu duni, alibadili namna ya kusimama: miguu aliipanua sana, na gongo akalilaza karibu sambamba na ardhi. Wastani wake ukapanda hadi .294, na Julai mwaka huo alipiga mapigo manne ya vituo viwili (yanayomfikisha mpigaji kituo cha pili) katika mechi moja, akaifikia rekodi ya ligi. Miguu ikiwa imepanuka, hatua inakuwa fupi, na hatua ikiwa fupi kichwa hakisafiri. Faida nyingine ilikuja baadaye: mtu aliyelazimika kuunda upigaji wake kipande kwa kipande anajua kila kipande kinafanya kazi gani. Mwenye kipaji cha kuzaliwa mara nyingi hukuambia "utazame mpira, upige", basi.

Kila alichofundisha kilibanwa na muda. Kichuguu cha mrushaji, mwinuko anaposimama, kiko mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mkono wa mrushaji huuachia mpira ukiwa umeshasogea mbele zaidi ya mita moja. Mpira wa kilomita 145 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4. Kuzungusha gongo peke yake hula karibu sekunde 0.15, kwa hiyo inabaki kama robo ya sekunde ya kuona na kuamua. Hapo hakuna nafasi ya kusahihisha. Mwili ukiwa umekaa vibaya mguu unapotua, pigo limeshapotea.

Mfuatano wa Lau unaanza na mwendo mdogo, kwa sababu misuli iliyokakamaa huchelewa kuitika. Mrushaji anapojikunja, uzito unarudi kwenye mguu wa nyuma. Kisha mguu wa mbele unapiga hatua fupi, vidole vikiwa vimefungwa, yaani vinaelekea pembeni na si kwa mrushaji. Mguu ukienda mbele, mikono inabaki nyuma. Unapotua, gongo liwe tayari juu ya bega kwa mwinamo wa nyuzi kama 45. Hapo ndipo uzito unaporuhusiwa kwenda mbele, ukakutana na mguu wa mbele ulionyooka na kukaza kama nguzo. Mpira unapigwa kuelekea kule ulikokuja: wa nje, unaopita mbali na mwili wa mpigaji, unapelekwa upande wa pili wa uwanja, haulazimishwi kuvutwa.

Kosa la kwanza ni vidole vya mbele kufunguka mapema. Nyonga zinafuata, bega linafuata, na mpira wa pembe ya nje unakuwa haufikiki. La pili ni baya zaidi, nalo huzaliwa na kumwelewa Lau nusunusu: mpigaji anasikia "peleka uzito mbele" akarusha na kichwa pia. Kichwa kikiukimbilia mpira, macho yanauona unakuja kwa kasi kuliko ilivyo kweli. Kukagua ni rahisi. Piga video kutoka ubavuni, uisimamishe pale mguu wa mbele unapogusa chini, uweke alama mahali pua ilipo. Kuanzia hapo hadi gongo linapokutana na mpira, pua isiwe imesogea mbele. Lau mwenyewe alikuwa miongoni mwa makocha wa mwanzo kutegemea picha za filamu na video badala ya jicho tupu.

Sasa huo mkono wa juu. Unaachia gongo baada ya kuupita mpira, mikono yote miwili ikiwa imenyooka, ili gongo lisikatishwe na kifundo cha mkono kinachogeuka mapema. Ni matokeo ya kupitiliza vizuri. Anayeachia kabla ya kugusa mpira, au sekunde ileile, anapiga kwa mkono mmoja, na mpira unadondoka miguuni kwa walinzi wa ndani.

Mwanafunzi wake mashuhuri ni George Brett wa Kansas City Royals, klabu ambako Lau alikuwa kocha wa upigaji. Katika msimu wa 1974 Brett alikuwa anahangaika karibu na .200 alipojikabidhi kwa Lau, akaumaliza kwa .282. Mwaka huohuo meneja Jack McKeon alimwondoa Lau kwenye benchi la makocha. Whitey Herzog alipochukua timu mwaka 1975 akamrudisha, na mwaka 1976 Brett alitwaa taji la wastani kwa .333, akimpita mwenzake Hal McRae, naye mwanafunzi wa Lau, aliyefikisha .332. Taji liliamuliwa siku ya mwisho ya msimu.

Uwanja nao ulichangia, jambo ambalo wapenzi wa Lau huliruka. Uwanja wa Kansas City uliofunguliwa 1973 ulikuwa na zulia la nyasi bandia na uzio wa mbali. Mpira wa kasi wa chini ulipenya kati ya walinzi, wa juu ulidakwa. Falsafa ya mapigo yaliyonyooka ilipata nyumba yake. Kambi ya Ted Williams, mpigaji nyota wa zamani wa Boston, ilipinga: mpira unateremka kutoka kwenye kichuguu, kwa hiyo gongo lipande kidogo kuufuata, na nguvu itoke kwenye nyonga zinazozunguka, si kwenye uzito unaosonga mbele. Kuhusu mwinamo wa gongo, naona Williams alikuwa sahihi. Kuhusu kichwa na mguu wa mbele, kambi zote mbili zinafanana kuliko zinavyokubali.

Lau aliondoka Kansas City baada ya 1978, akaenda New York kwa Yankees, kisha Chicago kwa White Sox, waliotwaa kundi lao 1983 kwa ushindi wa mechi 99. Alifariki Machi 1984 kwa saratani. Lawama kwamba mbinu yake inaua nguvu iliendelea kumfuata, hata kama Ron Kittle wa White Sox alipiga mipira 35 nje ya uzio mwaka huo wa 1983 chini yake. Walt Hriniak, aliyeirithi mbinu hiyo, aliifikisha White Sox tena na kumfundisha Frank Thomas. Thomas aliachia mkono wa juu, na alistaafu akiwa ameivusha uzio mipira 521.