“E maina, basi ni ya huzuni”: tunavyoisikia vibaya sello

Mazoezi ya kwaya yetu hapa Kampala yakiisha jioni, mvua ikiwepo, hatuondoki mpaka boda zirudi barabarani. Juzi mwenzetu wa sauti ya nne akatuchezea kwenye simu konseto ya sello (utungo wa okestra na sello, fidla kubwa ya sauti nzito) ya Mwingereza Edward Elgar, ile rekodi ya 1965 aliyopiga Jacqueline du Pré akiwa na miaka 20. Programu ya muziki ilikuwa imeibandika lebo tatu: namba ya kasi (mapigo kwa dakika), kii, yaani ngazi ya noti ambamo wimbo unakaa, hapa E maina, na “huzuni”. Tukaanza kubishana.

Dhana: maina ni kilio, meja ni shangwe.

Ukweli: sehemu ya kwanza, kweli, ina uzito wa matanga. Lakini iliyotunyamazisha sote barazani ni ya tatu, Adagio (ya polepole), nayo iko B-flati meja. Meja kabisa, na bado inaomboleza, kwa sababu sello inapanda kama inayotaka kusema jambo, kisha inashuka bila kulimaliza.

Dhana: ikiitwa konseto ya E maina, iko E maina mwanzo mpaka mwisho.

Ukweli: jina linataja kii ya nyumbani tu. Sisi tuliolelewa na do-re-mi tunalielewa hili upesi. Kwenye E maina, do iko G na wimbo unatua kwenye la. Sehemu ya pili iko G meja: do ni ileile, ila sasa wimbo unatua kwenye do yenyewe. Noti za msingi ni zilezile, kilichohama ni kituo. Ndiyo maana programu hukanganya kii mbili za namna hii. Na hiyo sehemu ya pili, jamani, inakimbia na kutania! Huzuni iko wapi?

Dhana: namba ya kasi ndiyo kasi.

Ukweli: mwanzoni kabisa sello inapiga kodi nne nzito (noti kadhaa kwa pamoja), ikiongea peke yake. Hapo hakuna pigo la kuhesabu. Kisha viola, fidla kubwa kidogo, zinaleta wimbo bila kusindikizwa, kwa 9/8, yaani mapigo matatu, kila moja lenye noti ndogo tatu. Ukigonga mguu mara 60 kwa dakika, noti ndogo zinazopita ni 180. Mashine ikizihesabu hizo, inakuambia ni mbio wakati wewe unasinzia. Tena mpigaji huvuta na kuachia, asiende kama saa ya ukutani.

Dhana: ule mwendo wa polepole wa du Pré ndio alioutaka mtunzi.

Ukweli: Elgar mwenyewe aliongoza rekodi ya 1928, Beatrice Harrison akiwa kwenye sello, na mwendo wao ni wa haraka zaidi. Baadhi ya majonzi tunayoyajua ni ya mpigaji. Simlaumu, naipenda yake kuliko zote. Hata aliyeongoza okestra katika rekodi yake, John Barbirolli, hakuwa mgeni: Oktoba 1919, konseto ilipopigwa mara ya kwanza London, alikuwa ameketi miongoni mwa wapiga sello. Usiku ule mambo yaliharibika kwa uhaba wa mazoezi, jambo ambalo kwaya yetu haihitaji kuelezwa.

Wa sauti ya nne bado ameishikilia lebo yake. Nimemwambia siku moja aitegeshee programu amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, ambayo oktavu yake (kutoka do hadi do inayofuata) imegawanywa hatua tano zinazokaribiana kwa upana, aone itachagua meja au maina.